Mlanguzi wa Magari na Kiinua Mgongo cha Askari

Askari anapomaliza utumishi wake na kurudi nyumbani, jambo la kwanza linalozungumzwa barazani ni kiinua mgongo chake. Mama watoto ana shauri lake, watoto wakubwa wana lao, na majirani nao hawakosi la kusema. Katika vijiji vya Adumi, kaskazini-magharibi ya mji wa Arua, mahali ambapo mpaka wa Kongo hauko mbali, shauri moja ni rahisi kulisikia: nunua chombo cha usafiri. Pikipiki mpya itamlisha kijana asiye na kazi. Gari dogo la mizigo litapeleka mihogo, maharage na tumbaku sokoni, na siku mgonjwa akizidiwa usiku litamfikisha hospitali.

Shauri hilo si baya hata kidogo. Ubaya huanza pale chombo chenyewe kinapokuwa adimu. Mzee wa watu hufika mjini na fedha zake, akaambiwa dukani kwamba pikipiki za aina anayoitaka zimekwisha, na kwamba shehena nyingine haijulikani itafika lini. Anapotoka nje, kabla hajavuka barabara, kijana mmoja humsogelea kwa heshima na kumwambia, "Jambo, mzee. Ile uliyokuwa ukiiulizia ninayo mimi. Ni mpya kabisa, haijatembea hata kilomita kumi. Ila bei yake si ile ya dukani."

Makala haya yanamhusu kijana huyo. Yanamhusu pia mzee aliyesimama pale na jasho la miaka 20 mfukoni, na mama watoto aliyebaki nyumbani akimngojea.

MLANGUZI NI NANI

Tusiwachanganye watu. Mfanyabiashara anayenunua pikipiki kumi Kampala, akalipia lori lizilete mwendo wa karibu kilomita 500 hadi Arua, akaziunga, akaajiri fundi na kuweka vipuri, huyo amefanya kazi na anastahili faida yake. Mama anayenunua gunia la maharage Adumi na kulibeba hadi mjini alipime kwa vikombe, naye amefanya kazi. Bila yeye mnunuzi wa mjini angelazimika kwenda mwenyewe kijijini, na mwenye shamba angebaki na gunia lake.

Mlanguzi ni mtu wa namna nyingine. Husikia kwamba shehena iko njiani, naye huenda upesi kulipa arbuni kwa majina matatu au manne: lake, la mkewe, la shemeji yake, hata la jirani asiyejua pikipiki inavyowashwa. Kwa njia hiyo huzikamata nafasi za mbele. Chombo kikifika hukitoa dukani kwa bei iliyotangazwa, na siku hiyo hiyo hukiuza kwa bei ya juu. Hakukisafirisha, hakukitengeneza, wala hakumkopesha mtu. Alichokiuza hasa ni nafasi ya foleni, ambayo kama angeiacha wazi, mzee wetu angeipata kwa bei ya dukani.

Mlanguzi naye ana utetezi wake. Husema, "Sikuiba. Nimenunua kwa fedha zangu, na aliyenunua kwangu amekubali bei kwa hiari yake." Utetezi huu una uzito. Mtu ana haki ya kuuza mali yake, na wako wanunuzi wenye haraka ya kweli ambao huona afadhali kulipa zaidi kuliko kungoja. Lakini hebu tuulize ni kitu gani kilichoongezeka. Tuseme kabla mlanguzi hajaingia palikuwa na pikipiki 10 na wanunuzi 15. Baada ya yeye kuingia na kutoka, pikipiki ni zile zile 10 na wanunuzi ni wale wale 15. Kilichobadilika ni bei. Aliyewahi kufika sasa si wa kwanza tena, kwa kuwa wa kwanza amekuwa yule mwenye fedha nyingi zaidi, au yule aliye tayari kubeba deni kubwa zaidi.

TULIKWISHA KUYAONA

Mambo haya si mageni kwa wananchi wa Uganda. Mwezi wa Agosti 1972, Rais Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wapewe siku 90 kuondoka nchini. Maduka, viwanda, nyumba na magari yao yakaachwa, na mengi yakagawiwa watu wapya. Biashara ilianguka, bidhaa kutoka ng'ambo zikapungua, na serikali ikaweka bei zake rasmi. Hapo ndipo zikawako bei mbili za kitu kimoja: bei ya serikali, ambayo wachache waliipata, na bei ya magendo, ambayo wengi waliilipa.

Katika siku hizo mali kubwa haikuwa tena duka wala shamba. Mali kubwa ilikuwa kikaratasi cha mgao. Aliyepewa kikaratasi cha kununua bidhaa kwa bei ya serikali aliweza kukiuza kabla hajaiona bidhaa yenyewe. Kikaratasi kikapita mkono hadi mkono, na kila mkono ukaongeza chake, hata bidhaa ilipomfikia mtumiaji ilikuwa imekwisha kuwa ghali kupita kiasi. Watu waliotajirika kwa njia hizo wakaitwa "mafuta mingi", jina ambalo wazee wanalikumbuka mpaka leo.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1975 ilitoa amri ya kuunda mahakama maalumu ya makosa ya uchumi, iliyoendeshwa na wanajeshi na yenye uwezo wa kutoa hukumu ya kifo. Hata hivyo magendo hayakwisha. Maadamu sukari, sabuni na vipuri havikuwako madukani, na maadamu tofauti kati ya bei mbili ilikuwa kubwa, daima alipatikana mtu wa kujaribu bahati yake. Hofu ya adhabu iliongezwa juu ya bei, na mwananchi akailipa nayo.

Sisi wa West Nile tunalo jambo la kuongeza hapa. Kwa kuwa Amin alitoka kwa watu wa Koboko, wengi nje ya mkoa walidhani kwamba kila mtu wa Arua na Koboko alineemeka. La hasha! Walioonja mgao walikuwa wachache, tena wakikaa mijini. Lakini serikali ile ilipoanguka mwezi wa Aprili 1979, na vita vilipofika huku, walionufaika na wasionufaika walikimbilia Zaire na Sudan pamoja, wakiwa na watoto mgongoni. Faida ya wachache ililipwa na wengi ambao hawakuwahi kuiona.

Waliporudi, baadhi ya vijana waliishi kwa kuuza mafuta ya magari kando ya barabara za Arua, mafuta yaliyovushwa kutoka ng'ambo ya mpaka. Walijulikana kwa jina la OPEC. Biashara yao ilikuwa nje ya sheria, na makala haya hayaisifu. Lakini ni haki kusema kwamba kijana yule alibeba dumu lake, akapita vichochoro vya mpakani, akaleta mafuta mahali ambapo hayakuwako. Mlanguzi wa pikipiki mpya hakuleta kitu. Amesimama tu kati ya mlango wa duka na mteja.

JIRANI ZETU NAO

Ndugu zetu wa Tanzania waliyapitia hayo hayo. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa haba, na gari jipya halikununuliwa kwa kuingia dukani na kulipa. Palihitajika kibali. Mwenye kibali alikuwa na mali mkononi hata kama hakuwa na haja ya gari, maana gari alilolipata kwa bei rasmi liliweza kumletea fedha nyingi zaidi akiliuza kwa mtu asiye na kibali.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Sheria maalumu ikatungwa, watu wengi wakakamatwa, na wengine, kwa kuogopa msako, wakazitupa bidhaa walizokuwa wamezificha. Wananchi wengi waliifurahia kampeni hiyo, kwani walikuwa wamechoka kudharauliwa madukani. Lakini madukani penyewe bidhaa hazikuongezeka kwa msako peke yake. Badiliko lilionekana kuanzia mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Magari madogo ya mizigo yakaanza kuonekana kwa wingi barabarani. Bidhaa ilipokuwa nyingi, kibali kilipoteza thamani yake, kwani hakuna anunuaye nafasi ya foleni mahali ambapo foleni yenyewe haipo.

Hilo ndilo fundisho la kwanza. Ulanguzi huzaliwa na uhaba na kuukuza uhaba. Adhabu huweza kumtia mlanguzi hofu kwa muda, lakini kinachommaliza ni shehena ya pili na ya tatu kufika bandarini.

HATA KATIKA NCHI TAJIRI

Msomaji asidhani kwamba huu ni ugonjwa wa nchi maskini tu. Katika Ujerumani ya Mashariki, kabla ya mwaka 1989, raia aliyeagiza gari dogo aina ya Trabant aliweza kungoja miaka kumi na zaidi. Matokeo yake yalikuwa kichekesho: gari lililokwisha kutumika, lakini lililopo, liliuzwa kwa bei kubwa kuliko jipya lisilopatikana.

Mwaka 2021 kampuni ya Toyota ilitoa Land Cruiser 300, ndugu mdogo wa yale magari yanayojulikana sana katika barabara za vumbi za mkoa wetu. Watu wakaligombea. Huko Japani wanunuzi walitakiwa kutia sahihi ahadi kwamba hawataliuza gari hilo katika mwaka wa kwanza, kwa sababu ilijulikana kwamba wako wanaolinunua ili walipeleke ng'ambo upesi kwa faida. Mwezi wa Januari 2022 kampuni hiyo ilitangaza kwamba anayeagiza wakati ule angeweza kungoja kiasi cha miaka minne.

Marekani nako, kampuni ya Ford iliwafungia wanunuzi wa gari lake la fahari, Ford GT, wasiliuze kabla ya miezi 24. Mcheza mieleka mashuhuri John Cena alipoliuza mapema alishtakiwa mwaka 2017, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka 2018. Mwaka 2022 kampuni ya General Motors nayo ilitangaza kwamba baadhi ya magari yake yaliyotafutwa sana, kama yangeuzwa kabla ya mwaka kwisha, dhamana ya kiwanda isingehamia kwa mnunuzi wa pili.

Mifano hii inaonyesha mambo mawili. Kwanza, tamaa haina nchi. Pili, muuzaji wa kwanza anao uwezo mkubwa wa kuuzuia ulanguzi akitaka. Duka linalouza chombo kimoja kwa kila kitambulisho cha taifa, likakisajili papo hapo kwa jina la anayekichukua, na likakataa orodha za majina ya watu wasiofika wenyewe, limekwisha kumnyima mlanguzi nusu ya nafasi yake.

KWA NINI HUKU KWETU NI RAHISI

Mkoa wetu uko mbali na bandari na mbali na mji mkuu. Njia kuu ya kutoka Kampala hupita katika madaraja mawili, la Karuma na la Pakwach. Mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, malori yalilazimika kuzunguka mbali, na kila mwenye duka aliihisi gharama yake.

Haja nayo imekua. Barabara ya lami kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, kilomita 92, imefungua safari ambazo zamani zilikuwa adha. Mwezi wa Julai 2016 vita viliporudi Juba, wakimbizi wengi waliingia West Nile. Kambi ya Bidi Bidi ilifunguliwa Yumbe mwaka ule ule, ya Imvepi ikafuata mwaka 2017, na kila kambi ilihitaji watu wa kuchukua abiria na mizigo. Tena, sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yaliyopita umri wa miaka 15, jambo jema kwa hewa na usalama, lakini lililopunguza magari ya bei nafuu. Mahali penye haja kubwa na njia ndefu, shehena moja ikichelewa, mlanguzi hupata msimu wake wa mavuno.

HESABU YA JIKONI

Sasa turudi kwa mzee wetu aliyesimama mbele ya duka. Je, alipe au angoje? Swali hili halijibiwi kwa hasira wala kwa pupa, bali kwa kalamu na karatasi. Afadhali mama watoto awepo, kwani aghalabu yeye ndiye ajuaye shilingi ya nyumbani inavyokwenda.

Tuchukue mfano, na kila mtu aweke hesabu zake mwenyewe mahali pa hizi. Tuseme pikipiki dukani ni shilingi 6,000,000, na mlanguzi anataka 7,000,000. Tuseme pia kwamba kijana atakayeiendesha, akikwisha kutoa petroli, chakula na akiba ya matengenezo, atabakiwa na shilingi 15,000 kwa siku, naye hufanya kazi siku 26 kwa mwezi.

Nyongeza ya mlanguzi ni shilingi 1,000,000. Ukiigawa kwa 15,000 unapata siku 67 za kazi, yaani zaidi ya miezi miwili na nusu. Maana yake ni kwamba kijana atatoka alfajiri na kurudi usiku kwa muda wote huo, katika jua na mvua, ili kumrudishia mlanguzi kazi ya asubuhi moja. Kama shehena itafika dukani baada ya mwezi mmoja, kungoja kutamnyima shilingi 390,000, ilhali kuharakisha kutamnyima milioni nzima. Kungoja kuna faida ya shilingi 610,000, ambazo kwa nyumba nyingi ni karo ya shule au mabati ya kuezekea.

Kama nyongeza hiyo imekopwa, hesabu huzidi kuwa chungu. Tuseme riba ni asilimia 2 kwa mwezi juu ya mkopo wote wa mwanzo, kwa muda wa miezi 12. Ile milioni moja imekuwa 1,240,000, na siku za kumfanyia mlanguzi kazi zimekuwa 83.

Uko wakati ambao hesabu huamua kinyume. Kama kweli shehena itachelewa nusu mwaka, na kijana hana kazi nyingine, huenda kulipa zaidi kukawa ni afadhali. Lakini hakikisha kwanza. Maneno "haitafika mwaka huu" mara nyingi husemwa na yule yule anayeuza. Rudi dukani, uliza maduka mengine, piga simu Nebbi au Gulu, nawe usiamue mpaka umepata jibu kwa watu watatu wasiojuana.

KARATASI KABLA YA FUNGUO

Bei si hatari pekee. Wengi wamelia zaidi kwa sababu ya karatasi kuliko kwa sababu ya fedha. Anayenunua mkononi mwa mtu na ayaangalie haya kabla ya kushika funguo:

Kwanza, jina lililo katika logibuku, yaani hati ya usajili, liwe ni la mtu anayekuuzia, na kitambulisho chake kilingane nalo. Ikiwa anasema kwamba chombo ni cha shemeji yake, shemeji na aje mwenyewe.

Pili, soma namba ya chesisi na ya injini kwenye chombo chenyewe, uzilinganishe na zile za kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu. Usiridhike na kuonyeshwa nakala ya picha katika simu.

Tatu, uliza kama chombo kimewekwa rehani. Uganda ina sheria ya mwaka 2019 kuhusu rehani za mali zinazohamishika, na ipo daftari ya serikali ambamo mkopeshaji huandikisha haki yake. Mtu aweza kukopa kwa chombo, akakuuzia, kisha mwenye deni akaja kukichukua mlangoni pako.

Nne, hamisha umiliki siku ile ile ya malipo. Usikubali kuambiwa, "Tumia kwanza, karatasi tutazifanya baadaye." Baadaye ni siku ambayo simu yake haitapatikana.

Tano, jihadhari na chombo kilichoingia bila ushuru. Pikipiki iliyovuka mpaka kwa siri huweza kukamatwa na maofisa wa mapato, hata kama aliyeilipia hakujua. Hali kadhalika gari lililoingizwa kwa msamaha wa ushuru, likiuzwa kwa mtu asiye na haki ya msamaha huo, ushuru wake hudaiwa chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki. Mwulize muuzaji risiti za ushuru, wala usione haya.

Sita, uliza kwa maandishi kama dhamana ya kiwanda itakufuata wewe mnunuzi wa pili. Chombo kipya kisicho na dhamana kimekwisha kushuka thamani, ijapokuwa mlanguzi amekipandisha bei.

NENO KWA ASKARI MWENYEWE

Mpaka hapa tumemzungumza askari kama mtu anayelanguliwa. Ukweli unatutaka tuseme na upande wa pili. Askari ana mshahara unaojulikana, na kwa hiyo hupata mkopo kwa urahisi kuliko mkulima wa Adumi. Wanajeshi wana chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana kile cha Exodus. Vyama hivi viliundwa ili mtumishi ajenge nyumba, asomeshe watoto na kuanzisha mradi. Havikuundwa ili mtu achukue mkopo wa kununua pikipiki mbili na kuziuza kesho yake kwa mjane mwenye shida.

Lipo jambo jingine baya zaidi, nalo ni kuazima jina. Rafiki huja na kusema, "Afande, nisaidie jina lako tu na kitambulisho. Fedha ni zangu, nawe utapata soda." Wengi hukubali kwa urafiki. Lakini chombo kilichosajiliwa kwa jina lako ni chako mbele ya sheria mpaka kihamishwe. Kikimgonga mtoto barabarani na dereva akakimbia, au kikitumiwa katika wizi usiku, anayeitwa kwanza kujieleza ni mwenye jina. Afisa wa polisi anayesoma makala haya anajua ni mara ngapi uchunguzi huanzia kwenye logibuku. Soda moja haitoshi kulipia usiku mmoja kituoni, sembuse heshima ya sare.

Wala sare isitumiwe kuruka foleni. Mwananchi anayemwona askari akipewa cha kwanza na kukiuza nje ya mlango hatamkasirikia mtu mmoja tu. Historia ya mkoa huu imetufundisha kwamba hasira ya namna hiyo, ikishakusanyika, haichagui nani alikula na nani hakula.

LA KUFANYA

Dawa ya nyumbani ipo, nayo haihitaji mahakama. Majirani sita au kumi wanaotaka pikipiki za aina moja waandike majina yao, wachague mweka hazina mwaminifu, waende pamoja kwa muuzaji halali na kutoa agizo moja. Muuzaji huheshimu agizo la vyombo kumi kuliko ombi la mtu mmoja. Wadai risiti ya arbuni inayotaja mambo manne: aina ya chombo, bei kamili, tarehe ya kukabidhiwa, na jinsi fedha zitakavyorudishwa tarehe hiyo ikipita. Wakati wa kungoja, fedha zilizobaki zikae katika chama cha akiba, siyo chini ya godoro, na kijana atumie muda huo kujifunza kuendesha na kupata leseni. Ni vijana wangapi wamepewa pikipiki mpya kabla ya kujua alama za barabarani, wakaishia hospitali?

Kama hakuna haja ya kitu kipya kabisa, chombo kilichotumika vizuri, chenye karatasi safi na kilichokaguliwa na fundi mnayemwamini, huweza kuilisha nyumba sawasawa na kipya.

Mzee wetu bado amesimama mbele ya duka. Kijana bado anatabasamu. Na aseme, "Ahsante, kijana wangu. Nitakwenda kwanza kuzungumza na mama watoto." Maneno hayo hayamgharimu hata senti. Apande gari la abiria, arudi Adumi, akae barazani na jamaa zake, wachukue kalamu na kuhesabu. Fedha zilizotafutwa kwa miaka 20 haziwezi kuharibiwa na kungoja kwa mwezi mmoja, lakini zinaweza kabisa kuharibiwa na haraka ya asubuhi moja. Subira ni ufunguo wa faraja, na kwa mwenye kiinua mgongo mkononi, ni ufunguo wa pikipiki pia.